Wawili Waliovuka Mpaka

Kuna wanaosema Tao na Ukristo ni kitu kimoja, sababu zote zinafundisha unyenyekevu. Mimi nakataa kidogo.

Hadithi ya Wachina inasema mzee Laozi alichoka na ufalme wa Zhou uliokuwa unaoza, akaondoka. Mlinzi wa mpaka akamwomba aandike hekima yake kwanza. (Sisi tuliombwa alama za vidole tu.) Akaandika maneno kama 5,000, ndiyo Dao De Jing, akapita, hakuonekana tena. Yesu naye alivuka, kwenda Misri, lakini akiwa mtoto wa kubebwa, Herode akimtafuta amuue.

Laozi anafundisha tuwe kama maji: yanashuka mahali pa chini, hayagombani na mtu, na jiwe mwisho linaisha. Napenda hilo. Anayengoja simu ya kuhamia nchi ya tatu anajua kulazimisha mambo kunakumaliza mwenyewe. Lakini kambi ya Kiziba iko tangu 1996. Aliyezaliwa pale leo ni mzazi. Ukimwambia awe kama maji, unamfariji ama unamnyamazisha? Maji hayana bibi aliyebaki Masisi.

Wote wawili wanasema tulipe ubaya kwa wema. Ila Laozi, kwa hadithi hiyo, aliandika akiwa anaondoka. Yesu alirudi, akaenda Yerusalemu mwenyewe, na waliomsulubisha aliwaombea msamaha wakiwa wamesimama mbele yake. Kwetu, ambao siku moja tunaweza kurudi na kumkuta jirani aliyechoma nyumba bado anaishi palepale, tofauti hiyo si ndogo.