Asili ya Samaki na Joto la Maji

Swali la kama kiumbe huwa kilivyo kwa sababu ya kilichomo ndani ya mbegu yake, au kwa sababu ya mahali mbegu hiyo inapokulia, lilijadiliwa Ugiriki ya kale kwa hoja ya joto. Empedocles, katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alishikilia kwamba mimba inayotunga katika tumbo la uzazi lenye joto huwa ya kiume, na katika lenye baridi huwa ya kike. Aristotle akampinga kwa kutaja mapacha wa kike na wa kiume, waliokulia tumbo moja na joto moja.

Kwa samaki, kila mmoja wa hao wawili ana sehemu ya haki. Kiinitete, yaani kiumbe kinachokua ndani ya yai kabla ya kuanguliwa, hakiwezi kujitengenezea joto lake, na kwa hiyo hukua kwa mwendo unaowekwa na maji: yai la samoni wa Atlantiki, linaloanguliwa baada ya siku 100 hivi katika nyuzi 5 za Selsiasi, huhitaji takriban nusu ya muda huo katika nyuzi 10. Hapa mtetezi wa asili ya ndani angeweza bado kudai kwamba joto huharakisha tu safari ambayo mwisho wake umekwisha kupangwa.

Dai hilo halisimami mbele ya suala la jinsi. Mwaka 1981 David Conover na Boyd Kynard walionyesha kwamba kwa Menidia menidia, samaki mdogo wa pwani ya mashariki ya Marekani, baridi inayowapata makinda baada ya kuanguliwa huongeza majike, na joto huongeza madume. Hata hivyo ndugu waliolelewa katika maji yaleyale hutofautiana jinsi, sawasawa na mapacha wa Aristotle, na jamii za samaki hao walioko kaskazini, huko Nova Scotia, karibu haziguswi kabisa na joto. Jambo hili la mwisho ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa linaonyesha kwamba hata uwezo wa kugeuzwa na maji hurithiwa. Asili, basi, haiwezi kuelezwa kama kitu kilichofungiwa ndani ya yai. Ni utayari wa kuitikia maji ya namna fulani. Kwa hiyo anayechunguza bahari inayozidi kupata joto hana budi kuuliza, pamoja na madhara yanayowapata samaki waliopo, ni samaki gani watakaokuwapo.