Tawakkul si kupuuza tahadhari ya kimbunga

SIFA zote njema ni za Allah (SW), Mola wa viumbe vyote, mwenye kuzipeleka pepo na kuyasukuma mawingu kwenda katika ardhi aitakayo. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahali zake, Masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao.

Ndugu zangu katika imani, kila msimu wa mvua unapoingia katika mikoa yetu ya kusini, husikika kauli mbili. Utazisikia kwenye daladala hapa mjini, na utazisikia barazani kule Matambarale, wilayani Ruangwa. Ya kwanza husema: “Hao wa hali ya hewa waongo tu, mvua anaijua Mungu.” Ya pili husema: “Kilichoandikwa kimeandikwa, kukimbia hakusaidii.” Kauli zote mbili zimevaa kanzu ya imani. Lakini tukizipima kwa Qur’an na Sunna, tutaona kuwa kanzu hiyo ni ya kuazima.

Tuanze na hali ilivyo. Wengi tumekua tukiamini kuwa vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Ni kweli kwamba nchi yetu iko karibu na mstari wa Ikweta, ambako nguvu ya kuizungusha dhoruba ni ndogo, na kisiwa cha Madagaska hutukinga kwa kiasi. Lakini nadra si sawa na kutotokea. Tarehe 15 Aprili 1872, enzi ya Sultani Barghash, kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na kuharibu vyombo vya Sultani bandarini. Aprili 1952 kimbunga kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, jimbo linalopakana na Mtwara ng’ambo ya mto Ruvuma, kikaua watu Msumbiji na Komoro. Kisha Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya hadi Mafia na pwani yetu. Mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara katika maeneo ya Kilwa, na abiria wakakwama njiani.

Tazama jina hilo: Hidaya. Kwa Kiswahili ni zawadi, na kwa Kiarabu ni uongofu. Majina ya vimbunga huchukuliwa kwenye orodha inayopendekezwa na nchi za ukanda wetu, kwa hiyo tusilijengee itikadi. Ila mwenye kuzingatia hakosi la kujifunza.

Mtu wa mjini anaweza kudhani mambo haya ni ya watu wa pwani, hayamhusu mzazi wake aliyeko Matambarale, mbali na bahari. Sivyo. Kimbunga kikigusa nchi kavu, upepo hupungua lakini mvua huendelea kusafiri. Maji hayo huingia mabondeni, katika mito kama Lukuledi na Mbwemkuru, na hulowesha kuta za tope hadi zikaanguka usiku watu wamelala. Mwezi Mei ufuta uko shambani. Na barabara ikikatika Kilwa, dawa na bidhaa haziendi Ruangwa.

Je, utabiri ni kudai ghaibu?

Wanafunzi wangu huniuliza swali hili kila mwaka, na ni swali zuri. Katika Surat Luqman aya ya 34, Allah (SW) anatufahamisha kuwa ni Yeye anayeteremsha mvua na ndiye anayejua vilivyomo matumboni. Na katika Hadithi ya Zayd bin Khalid, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (SAW) aliwakemea wanaoinasibisha mvua na nyota badala ya fadhila za Allah.

Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) haidai kuiteremsha mvua wala kuijua ghaibu. Inasoma alama zilizokwisha kudhihiri: joto la maji ya bahari, mgandamizo wa hewa, mwelekeo wa upepo na picha za setilaiti. Nahodha wa jahazi akiangalia kusi na kaskazi kabla ya kutweka tanga hatumwiti mshirikina. Mama mjamzito akipimwa kwa altrasaundi hatusemi kadai ghaibu. Mwenye kusoma alama hukisia, anaweza kupatia na anaweza kukosea. Ndiyo maana tahadhari ya Kenneth ilipotolewa mwaka 2019 na kimbunga kikaelemea upande wa pili wa Ruvuma, baadhi yetu walicheka. Ndugu yangu, ukiambiwa kuna nyoka ndani ukatoka mbio, kisha asionekane, utamtukana aliyekuonya au utamshukuru Mola wako?

Mtume (SAW) na upepo

Bibi Aisha (RA) anasimulia kuwa Mtume (SAW) alipoona wingu zito au upepo mkali, uso wake ulibadilika, akawa anaingia na kutoka. Mvua ikinyesha hutulia. Alipoulizwa, alikumbusha habari ya kaumu ya ‘Aad, waliyoisimulia aya za Surat Al-Ahqaf: waliliona wingu wakafurahi wakidhani ni mvua, kumbe ndani yake mna upepo wa maangamizi. Huyu ni kipenzi cha Allah, na hakulidharau wingu. Sisi tumepata wapi ujasiri wa kulidharau?

Ama hoja ya kuwa kukimbia ni kuikimbia kadari, ilikwisha kujibiwa. Umar bin Khattab (RA) aliposikia kuna tauni Sham, aliamua kurudi na watu. Abu Ubayda (RA) akamuuliza iwapo anaikimbia kadari ya Allah. Umar akajibu kwamba ndiyo, wanaitoka kadari ya Allah na kuiendea kadari ya Allah. Yaani bondeni ni kadari na mlimani ni kadari, nawe umepewa akili na miguu ya kuchagua. Na yule aliyeuliza amwache ngamia wake na kutawakali, Mtume (SAW) alimwelekeza amfunge kwanza kisha ndipo atawakali.

Zaidi ya hayo, sheria yenyewe imeweka tahadhari ndani ya ibada. Usiku wa baridi, mvua na upepo, Mtume (SAW) alimwamuru muadhini atangaze kuwa watu waswali majumbani mwao. Ibn Abbas (RA) alifanya hivyo siku ya Ijumaa yenye mvua na matope. Watu waliposhangaa, aliwaambia kuwa aliye bora kuliko yeye alikwisha kulifanya. Ikiwa Allah (SW) ameturuhusu kubaki nyumbani na jamaa ikatupita kwa ajili ya usalama wetu, ni safari gani ya biashara au harusi iliyo na haki kuliko swala ya jamaa?

Kufunga ngamia wa leo

Tawakkul ina kazi zake. Kwanza, fahamu lugha ya tahadhari. Rangi ya njano ni angalizo, ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Pili, usivuke maji yaendayo kasi. Maji ya kimo cha futi moja tu yanaweza kuisukuma gari ndogo. Dereva anayesema “twende tu kwa jina la Allah” huku daraja halionekani, hakutaja jina hilo mahali pake. Tatu, radi zikianza ingia ndani ya jengo imara, usijikinge chini ya mwembe wala mkorosho. Ukiona mwanga, hesabu: kila sekunde tatu kabla ya ngurumo ni kama kilomita moja. Nne, nyumba ya tope ikiloa na kupata nyufa, hamisheni watoto na wazee kabla ya usiku kuingia.

Na hapa ndipo wajibu wetu wa mjini ulipo. Sisi tunaona taarifa kwenye simu mapema, tunazisambaza kwa utani, halafu mzazi kijijini hajui. Piga simu. Mwambie baba, “Shikamoo mzee, mvua kubwa inakuja, msilale kwenye chumba kile chenye ufa.” Hiyo ni birrul walidayn. Nanyi maimamu, tahadhari itangazwe baada ya swala kama tunavyotangaza msiba. Ni bora kutangaza tahadhari kuliko kutangaza jeneza. Msikiti ulio mahali pa juu ufunguliwe kwa kila anayekimbia maji, Mwislamu na asiye Mwislamu.

Jambo la mwisho. Maafa yakitokea, tuchunge ndimi. Huwa haraka kusema, “Wale wamepatilizwa kwa madhambi yao.” Nani kakupa daftari la siri za Allah? Mtume (SAW) amewataja mtu aliyekufa maji na aliyeangukiwa na jengo miongoni mwa mashahidi. Huenda unayemhukumu ana daraja usiyoifikia. Kazi yetu kwa walionusurika ni sadaka, mablanketi, chakula na mbegu za kupandia. Toba ianze kwa kila mmoja na nafsi yake.

Mtume (SAW) aliombwa dua ya mvua akiwa juu ya mimbari, ikanyesha wiki nzima, hata watu wakarudi kulalamika mali zinaangamia. Hakuilaani mvua. Alimuomba Mola aielekeze pembezoni, kwenye vilima, mabonde na miti, isiwe juu ya watu. Nasi tunamuomba Allah (SW) aijaalie mvua ya Lindi, Mtwara na nchi yetu yote kuwa ya manufaa, atulindie wazee wetu waliopo Matambarale na kwingineko, na atupe akili ya kumfunga ngamia kabla ya kulala.

Wabillahi tawfiq.