Nani Ajuaye Haja ya Maskini?

Liko swali moja ambalo watu wema hupenda kulipita upande. Mwenye nguvu akitaka kumtoa maskini katika umaskini wake, je, ana ruhusa ya kumwamulia? Wengi hujibu upesi kwamba anayo, kwa kuwa mgonjwa haulizwi uji. Sisi twaliona jibu hilo kuwa jepesi mno. Tena nchi ya Wasukuma, tangu Shinyanga hadi Geita, inayo habari ambayo yafaa kulipimia.

Wafugaji wa huko wana desturi ya ngitili. Mvua zianzapo, mtu hulifunga eneo lake la malisho, ng'ombe wasiingie. Majani hukua, miti huchipua, hata kiangazi kikali kifikapo, hapo ndipo hulifungua kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wa maziwa. Ziko ngitili za nyumba moja na ziko za kijiji kizima. Aliyevunja mwiko huo alishtakiwa kwa dagashida, yaani baraza la watu wenyewe, akatozwa faini. Hakuna bwana shamba aliyewafundisha jambo hilo.

Basi tazama yaliyofuata. Tangu mwaka 1947 serikali ya kikoloni ilifanya mpango mkubwa wa kuiendeleza nchi ya Wasukuma. Watu waliamriwa kupunguza ng'ombe, kulima kwa matuta ya kuzuia maji, kutia samadi, na wengine waliongozwa kuhamia Geita, ambako ardhi ilikuwa bado tele. Mengi katika maagizo hayo yalikuwa na akili. Ardhi ilikuwa inachoka kweli. Lakini yalikuja pamoja na faini, na mkulima alijifunza kuyachukia matuta kama alivyoyachukia mashauri mengine ya wakubwa. Mwaka 1958 watu wa Geita waliposimama kulipinga baraza la wilaya lililowekwa bila ridhaa yao, chuki ya kanuni za kilimo nayo ilikuwamo. Shauri jema lilikufa kwa jinsi lilivyoletwa.

Uhuru ukaja, na Azimio la Arusha mwaka 1967. Hapa hatuna budi kusema kwa haki. Nia ya Mwalimu Nyerere ilikuwa safi: watu waliotawanyika huwezi kuwapelekea shule, zahanati na bomba la maji. Hapo mwanzo alisisitiza kwamba kijiji cha ujamaa ni cha hiari. Lakini hiari huenda polepole, na mwezi wa Novemba 1973 ikatangazwa kuwa kuishi vijijini sasa ni amri, kazi hiyo iwe imekwisha ifikapo mwisho wa mwaka 1976. Katika miaka ya 1974 na 1975 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wa Shinyanga kama ilivyowahamisha wa mikoa mingine. Shule zilipatikana, na watoto wengi waliojua kusoma baadaye walizijua herufi kwa sababu hiyo.

Ni nini basi kilichopotea? Msukuma hajengi ovyo. Nyumba yake aliiweka mahali ambapo angeweza kulima udongo mwepesi wa luseni kwenye mwinuko, na mpunga katika mbuga bondeni, na ngitili yake aione kwa macho. Alipohamishiwa kwenye mstari wa nyumba, mara nyingi kando ya njia ya magari, shamba likawa mbali, samadi ikawa mzigo, na ngitili ikabaki bila mwenyewe. Jambo lisilolindwa na mtu ni la wote, na la wote huliwa kwanza. Ng'ombe walijazana kuzunguka makazi mapya, miti ikakatwa kwa kuni na kwa mashamba ya pamba. Ifikapo katikati ya miaka ya 1980, katika mkoa wote wa Shinyanga wa wakati ule, pamoja na Maswa, Bariadi na Meatu, ngitili zilizojulikana hazikuzidi sana hekta 600.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa kifupi HASHI. Nao ulianza kwa mazoea ya zamani, kuotesha miche kwenye vitalu na kuwagawia watu. Lakini sifa ya wenye mradi ni kwamba walikubali kuuliza. Walipouliza, wazee waliwaeleza habari za ngitili. Mradi ukaacha kufundisha peke yake, ukaanza kuitetea desturi hiyo, na dagashida zikapewa nguvu ya sheria ndogo za vijiji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ngitili zilizidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 Umoja wa Mataifa uliupa mradi huo tuzo. Kuni, asali, dawa za miti, nyasi za kuezekea, vyote vilirudi, na mwanamke aliyekuwa akitembea nusu siku kutafuta kuni alipumzika.

Msomaji asidhani kwamba twataka kuisifu kila desturi kwa kuwa ni ya wazee. Palipo na ngitili nyingi za watu binafsi, tajiri wa ng'ombe ndiye mwenye kubwa, na asiye na ng'ombe hununua majani au hana haja nayo. Mjane mara nyingi hana hata kipande. Kwa hiyo wale wasemao, "Waacheni wananchi waamue wenyewe," nao wasimame kidogo: ni wananchi gani? Baraza laweza kumwonea maskini sawasawa na mkuu wa wilaya, tena bila hata barua ya kumjulisha.

Papa Pio XI, katika waraka wake wa mwaka 1931, alifundisha kwamba ni udhalimu kwa jamii iliyo kubwa kunyang'anya kazi ambayo jamii ndogo yaweza kuifanya. Watu husahau nusu ya pili: iliyo kubwa yapaswa kuisaidia ndogo. Serikali kukaa kimya si kumheshimu maskini.

Siku zetu hizi habari hii imevaa nguo nyingine. Tangu mwaka 2012 TASAF, mfuko uliozaliwa mwaka 2000, uliendesha mpango wa kunusuru kaya maskini, ambao uliwafikia watu wa kaya zaidi ya milioni moja. Fedha zilitolewa mkononi, kwa masharti kwamba watoto waende shule na kliniki, na wenye nguvu walipewa kazi za muda, siku zisizozidi 60 kwa mwaka. Wapo walionung'unika kwamba fedha za bure huzaa uvivu. Majaribio yaliyofanywa kuanzia mwaka 2010 Bagamoyo, Kibaha na Chamwino yalionyesha kinyume: watu walinunua kuku na mbuzi, wakawavisha watoto viatu, wakajiunga na mfuko wa afya. Maskini aliyeaminiwa alitumia akili yake. Twaona katika jambo hilo heshima ambayo amri ya mwaka 1973 haikuwa nayo.

Hata hivyo masharti ni masharti. Mto ukijaa na mtoto asifike shuleni, mama ndiye hukatwa fedha, na mto hauulizwi. Kazi za muda zikiangukia majuma ya kupalilia pamba, mtu huacha shamba lake kwa ajili ya ujira wa siku. Jirani wa Kalangalala, pale mjini Geita, ataambiwa kwamba kijana wake mwenye nguvu, aliyekwenda machimboni, ndiye msaada wake, ijapokuwa kijana huyo hajatuma shilingi.

Mpango uliagiza kwamba maskini watambuliwe na mkutano wa kijiji chenyewe, nasi twalisifu agizo hilo kuliko mengine yote. Sheria yataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu. Basi mahali ambapo mkutano haukuitishwa mwaka mzima, twauliza: orodha ile iliandikwa na nani, na mjane asiye na ngitili alisimama wapi kusema neno lake?