Mwalimu Ajapo na Mwalimu Aendapo

(Matendo ya Mitume 8:26-40)



Habari ya Filipo na yule Mkushi twaijua tangu siku za mafundisho ya Kipaimara. Aghalabu twaihubiri penye ubatizo, kwa sababu ya maji yale yaliyoonekana njiani. Leo napenda tuitazame kwa upande mwingine. Ni habari ya mwalimu aliyetumwa kutoka mbali, akamfundisha mtu Maandiko kwa muda mfupi, kisha akaondolewa, asionekane tena. Mambo ya namna hii hutufikia sisi nasi. Wageni kutoka ng'ambo huja kuwafundisha wachungaji wetu Biblia, juma moja au majuma mawili, kisha hurudi kwao. Twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini imetupasa kujiuliza: mwalimu akiisha kushuka garini, ni nini kilichobaki ndani yake?

Nitawasimulia jambo lililonipata mimi mwenyewe, wala si kwa kujisifu, maana ndani yake mna kosa langu.

Mkutano wa mafundisho ulifanyika Tabora, nami niliitwa niwe mkalimani. Wachungaji na wainjilisti walikusanyika kutoka pande nyingi, wengine kwa gari la moshi, wengine kwa baiskeli. Mgeni wetu alikuwa mzee mpole, aliyekuwa amefundisha wachungaji wa kwao miaka mingi. Alitufundisha Waraka kwa Filemoni, juu ya Onesimo mtumwa na bwana wake, na jinsi Paulo alivyowapatanisha. Tulifurahi, kwa kuwa mji wenyewe ulikuwa kituo kikubwa cha njia ya misafara, na katika njia ile walipitishwa watumwa na pembe za ndovu hata pwani.

Siku ya tatu asubuhi mwinjilisti mmoja mzee alisimama, akasema hivi: "Katika mtaa wangu yuko mjane. Mama yake alikuwa na macho mekundu kwa moshi wa jikoni, watu wakamwita mchawi, akauawa usiku. Neno lile lilianzia kwa jirani yake, naye ni Mkristo, na Jumapili hupiga magoti mezani pa Bwana. Mjane amekoma kuja. Je, nimfundishe yeye kusamehe, au nimfundishe yule kutubu? Na katika Maandiko nianzie wapi?"

Ndugu zangu, niliona haya. Nilisema moyoni, Mgeni huyu atatuonaje? Atakwenda kuwaambia watu wa kwao kwamba Wakristo wa hapa wangali wanaua vikongwe. Basi nikamgeukia, nikamwambia kwa maneno machache kwamba mzee auliza habari ya kusamehe. Mgeni akajibu vizuri, akataja lile neno la Bwana juu ya kusamehe sabini mara saba, nami nikalifasiri. Mzee akainamisha kichwa, akaketi.

Alasiri tulimpeleka mgeni Kwihara, si mbali na mji, akaione tembe ya Livingstone iliyojengwa upya. Hapo nilieleza habari zake, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Livingstone na Stanley walifika pale mwezi wa Februari 1872 wakitoka Ujiji. Stanley akaenda zake pwani mwezi wa Machi, na Livingstone akangoja peke yake hata mwezi wa Agosti, walipofika wapagazi waliotumwa kwake. Mmoja wao alikuwa kijana Mwafrika, Jacob Wainwright, aliyeokolewa katika utumwa, akasomeshwa katika shule ya misioni huko Nashik, Bara Hindi. Livingstone alipofariki mwaka 1873 kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, Jacob ndiye aliyesoma maombi ya maziko moyo wake ulipozikwa chini ya mti. Kisha yeye, na Susi, na Chuma, na wenzao, wakaichukua maiti kwenda pwani.

Mwezi wa Oktoba 1873 walifika Kwihara, wakamkuta Mwingereza Cameron. Yeye aliwashauri waizike maiti papo hapo, maana njia iliyobaki ilikuwa ya hatari. Wakakataa. Waliuchukua mzigo wao hata Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Na Jacob Wainwright, baada ya kwenda Uingereza na kurudi, alifariki mwaka 1892 huko Urambo, katika nchi hii hii ya Unyamwezi.

Nilipokwisha kusema, mzee yule akanikaribia chini ya mwembe, akasema kwa sauti ndogo: "Mchungaji, mwanangu, wale walikataa kuutua mzigo hapa. Na swali langu mimi, lilituliwa wapi? Kiingereza sikijui, lakini kuhesabu najua. Mimi nilisema maneno mengi, wewe ukampa machache."

Sikuwa na jibu. Usiku ule sikulala. Nikakumbuka kwamba mkalimani naye ni mpagazi. Huchukua kitu kisicho chake, naye akikipunguza njiani ni mwizi, hata kama amekipunguza kwa heshima.

Asubuhi, kabla ya somo, niliungama mbele ya ndugu wote, nikamweleza mgeni swali zima, neno kwa neno. Akavua miwani yake, akanyamaza kitambo. Kisha akaacha mahali pake pa mbele, akaja kuketi benchini kando ya yule mzee. Akasema, nami safari hii sikupunguza kitu, kwamba katika huduma yake yote hakuulizwa neno kama hilo. Alisema kwamba Maandiko ayajua kidogo, lakini mtaa ule haujui. Na mzee aujua mtaa, na Maandiko anayo mkononi. Akaomba wasome pamoja.

Wakaanza katika Mwanzo, habari ya damu ya Habili inayolia toka ardhini. Kisha mzee mwenyewe, wala si mgeni, akafungua Wafalme wa Kwanza, mlango wa ishirini na moja. Akatusomea jinsi Nabothi alivyouawa kwa ushuhuda wa uongo. Yezebeli hakushika jiwe. Aliandika barua tu. Na Mungu hakumtuma Eliya kwanza kwa wana wa Nabothi awafundishe kusamehe, bali alimtuma kwa Ahabu. Ndipo mchungaji mmoja kijana akasema kwamba katika Katekisimo twaungama jambo lilo hilo: jirani yule hakushika panga, lakini amri ya nane ilivunjwa, ili ile ya tano nayo ivunjwe. Mwingine akaongeza kwamba damu ina haki yake mbele ya serikali pia, wala kanisa halina ruhusa kuifunika kwa kitambaa cha madhabahuni. Mzee akafunga kitabu, akasema, "Basi nimejua nianzie nyumba ipi." Katika juma lile lote, hilo ndilo lililokuwa somo.

Sasa turudi katika njia ile ya Gaza, tujifunze mambo matatu.

Kwanza, Mkushi alikuwa akisoma kabla ya Filipo kufika. Kitabu kilikuwa chake, alikuwa amekifungua mwenyewe, na neno la Isaya lilikuwa limekwisha kumsumbua. Wako kwetu wangojao mgeni ndipo waifungue Biblia, kana kwamba Neno la Mungu hushuka pamoja naye katika ndege. Sivyo. Tangu mwaka 1937 watu wetu walikuwa na Biblia nzima ya Kiswahili iliyofasiriwa na Roehl, na tangu 1952 tunayo hii tuitumiayo wengi. Asiyesoma nyumbani hana swali la kuuliza, na asiye na swali hufundishwa mambo ya mitaa ya wengine.

Pili, Filipo alipanda garini. Hakumwambia Mkushi ashuke, amfuate Samaria alikofanya kazi hapo kwanza. Aliketi kando yake, akaanza na andiko lile lile alilokuwa akilisoma. Enyi wageni wetu wapenzi, mkisomewa maneno haya, jueni kwamba hamkutukosea mkisema hamjui. Siku ile mgeni wetu alipokiri kwamba hajui, ndiyo siku aliyotufundisha zaidi. Nasi wenyeji tusimfiche mgeni vidonda vyetu kwa ajili ya haya. Kumpokea mgeni kwa ukarimu ni kumpa maji na kiti, tena ni kumpa ukweli. Mkushi hakuona aibu kukiri kwamba haelewi pasipo mtu wa kumwongoza, naye alikuwa mtunza hazina ya malkia.

Tatu, Filipo aliondolewa, na Mkushi akaenda zake akifurahi. Hatusomi kwamba alilia, wala kwamba aligeuza gari amtafute mwalimu wake. Filipo akaonekana Azoto, akiendelea na kazi yake. Na gari likaendelea na njia yake kuelekea Kushi, na ndani yake mlikuwa na Kitabu, na mtu aliyebatizwa. Mwalimu alikuwa wa kituo kimoja tu, lakini Neno lilikuwa la safari yote. Paulo naye amwagiza Timotheo vivyo hivyo, awakabidhi watu waaminifu yale aliyoyasikia, watu watakaoweza kuwafundisha wengine (2 Timotheo 2:2). Hesabuni ninyi wenyewe: Paulo, Timotheo, watu waaminifu, na hao wengine. Ni kama mzigo upitao bega kwa bega, kutoka kambi hata kambi.

Mpagazi wa Kinyamwezi alichukua mzigo wa frasila mbili hivi, akapita Mgunda Mkali pasipo na maji, wala hakuutupa kwa sababu kiongozi wa msafara amekufa. Wale wa Kwihara walichukua maiti, nao hawakukubali kuitua kabla ya pwani. Sisi tuliopewa Neno lililo hai, tutalitua kwa sababu mgeni amepanda ndege?

Ndugu zangu wainjilisti, mwaweza kuuliza habari ya mtaa ule imeishaje. Haijaisha. Mzee alikwenda kwa jirani kwanza, akafukuzwa. Akarudi mara ya pili, akafukuzwa tena. Mara ya tatu akapewa kiti. Mjane hajarudi bado mezani pa Bwana, lakini kila Alhamisi mzee huenda kwake, nao husoma pamoja mlango mmoja. Mgeni hawaoni, wala mimi siko huko kuwafasiria. Wako wao wawili, na Kitabu, na yule Roho aliyemsogeza Filipo karibu na gari.

Bwana wa mavuno awape nguvu, ninyi mnaobaki wageni wakiisha kwenda. Amina.