Samoni wa Redfish: Kilicholindwa ni Nini?

Mwaka 1992 samoni mwekundu mmoja tu alifika ziwa Redfish, katika milima ya Sawtooth jimboni Idaho. Alikuwa dume. Kutoka Bahari ya Pasifiki alikuwa ameogelea kilomita zipatazo 1,450, akapanda mto Columbia, kisha Snake, kisha Salmon, akapita mabwawa manane ya umeme na kukwea hadi mwinuko wa karibu mita 2,000. Samoni akishaingia mtoni kuzaa hali tena. Anasafiri kwa akiba ya mwili wake, na kadiri anavyokonda ndivyo anavyozidi kuwa mwekundu, kichwa kikabaki kijani na taya likapinda kama ndoano. Huyu alifika hivyo, akakuta hakuna jike. Watu wakampa jina la Lonesome Larry, yaani Larry Mpweke. Wataalamu walimkamua shahawa wakazigandisha, na mwili wake ukatengenezwa uwe wa maonyesho.

Larry hakufa bila mtetezi. Makabila ya Shoshone-Bannock yalikuwa yameiomba serikali ya Marekani iwalinde samoni hawa, na Novemba 1991 wakaandikwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, chini ya sheria ya mwaka 1973. Kumuua kwa kusudi kungeweza kumfikisha mtu jela. Basi sheria ilikuwa imesimama mlangoni pake. Ilikuwa inalinda nini?

Nyama na mifupa, hapana. Samoni wa spishi hiyohiyo huvuliwa kwa mamilioni kila mwaka huko Bristol Bay, Alaska, na kutiwa makoponi. Na ndani ya Redfish kwenyewe wamo kokani, ambao nao ni spishi ileile. Tofauti ni kwamba wanakulia ziwani na hawaendi baharini. Hao hawakuwa na hofu yoyote. Tena kulikuwa na ubishi: bwawa la Sunbeam lililojengwa mwaka 1910 liliziba njia ya samoni hadi lilipovunjwa sehemu mwaka 1934, kwa hiyo wapo waliosema samoni wa asili walikwisha zamani, na hawa wachache ni watoto wa kokani walioshuka baharini. Wanasayansi wa serikali hawakuweza kuumaliza ubishi huo. Wakafanya kama hakimu mbele ya mshtakiwa: wakawapa samaki faida ya shaka.

Tukiondoa spishi, tukiondoa ziwa, kinachobaki ni mwendo. Kilichoandikwa kwenye orodha, nadhani, ni kule kwenda baharini na kurudi. Lakini sheria haina namna ya kuhesabu mwendo, huhesabu vichwa.

Na vichwa vinaweza kutengenezwa. Kati ya mwaka 1991 na 1998 walirudi samoni 16 tu wa mtoni. Walikamatwa wakapelekwa kwenye matangi, mbegu isipotee. Ili kumwokoa samaki wa mwituni ikabidi atolewe mwituni. Silaumu, maana vinginevyo tungekuwa tunaandika tanzia. Msomaji wa Tanzania anaijua hali hiyo kwa vyura wa Kihansi: bwawa la umeme lilipochukua maji ya maporomoko yao, karibu 500 walipelekwa Marekani mwaka 2000, na warejeshwaji wa kwanza wakarudi korongoni mwaka 2012. Ila tangi lina tabia ya kugeuka nyumbani. Mwaka 2001 jaji Michael Hogan wa Oregon, katika kesi ya samoni wengine, aliamua kwamba serikali haiwezi kuwaweka wa vituo vya kuzalishia samaki na wa mtoni kundi moja kisha ikawalinda wa mtoni pekee. Kwa maandishi ya sheria hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Ukiifuata hadi mwisho, hata hivyo, mto unaweza kukauka na hesabu bado ikatimia.

Hata mwendo wenyewe umepata wabebaji. Vifaranga vingi vya samoni husombwa kwa malori na matishari kuvuka mabwawa, kisha vikamwagwa chini ya bwawa la mwisho.

Ipo sheria nyingine, kongwe zaidi, ambayo naona ililielewa jambo hili vizuri kuliko ya 1973. Katika mikataba ya 1854 na 1855, makabila ya eneo la Washington yaliachia ardhi kubwa mno lakini yakabakiza haki ya kuvua mahali pao pa siku zote. Mwaka 1974 jaji George Boldt aliamua kuwa haki hiyo ni hadi nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Mwaka 2018 ikaja kesi ya makalavati, yale mabomba ya chini ya barabara yaliyowazuia samoni kupanda. Majaji wa Mahakama ya Juu waligawanyika nne kwa nne, hivyo amri ya mahakama ya chini ikabaki: jimbo la Washington liyarekebishe. Haki ya kuvua pasipo samaki si haki.

Sheria ya viumbe huuliza: je, bado wapo? Mkataba huuliza: je, mtu anaweza kushuka mtoni akapata kitoweo? Swali la kwanza hujibiwa na shahawa zilizogandishwa. La pili halina jibu la kwenye jokofu. Linadai maji baridi, njia wazi na samaki wa kutosha hata waliwe.

Mwaka 2014 walirudi Redfish zaidi ya samoni 1,500, wengi wao uzao wa matangi. Mwaka uliofuata mito ilipata joto, na wengi mno wakafia njiani. Mwaka 2023 serikali ya Marekani iliafikiana na makabila manne na majimbo ya Oregon na Washington kuhusu kuwafufua samoni wa bonde la Columbia. Juni 2025 Rais Trump akayafuta makubaliano hayo. Mabwawa manane yako palepale, na samoni wa Redfish hawajatoka kwenye orodha tangu 1991.