Usikubali Nyonga Ikupangie Maisha

Ndugu msomaji unayeishi na maumivu sugu ya nyonga, leo nazungumza na wewe. Jana ulikwenda sokoni kwa miguu, ukapanda daladala, ukarudi na kikapu chako, ukafua na kuanika. Leo hukuanguka, hukubeba mzigo, hukukosea kitu. Umeamka tu, ukakaa ukingoni mwa kitanda kuvaa soksi, na mguu ukakataa kuinuka. Unainama, maumivu yanachoma kwenye kinena. Unajaribu kwa upande, yanashuka hadi gotini. Halafu mtu wa nyumbani anauliza, "Mbona jana ulikuwa mzima?"

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Anayekuuliza hivyo hajui kwamba maumivu ni nusu tu ya mzigo. Nusu nyingine ni kutojua kesho itakuwaje: kama utafika kazini, kama utasimama harusini, kama utaweza kumbeba mjukuu. Hali hiyo ndiyo inayowafanya wengi wajifungie ndani, wakiogopa kuahidi chochote. Nakusihi usifike huko. Huwezi kuiamuru nyonga iamke vipi, lakini kuna mengi ya maisha yako ambayo bado yamo mikononi mwako, na hayo ndiyo ya kuyapigania.

Anza kwa kuielewa nyonga yako. Kichwa cha mviringo cha mfupa wa paja huzunguka ndani ya kikombe cha fupanyonga, na gegedu laini huizuia mifupa hiyo isisuguane. Ukitembea kawaida, kiungo hicho hubeba zaidi ya mara 2 ya uzito wa mwili wako. Kwa wengine gegedu imelika. Kwa wengine, hasa wenye selimundu au waliotumia dawa za steroidi kwa muda mrefu, damu imepungua kufika kwenye kichwa cha mfupa. Juu ya hayo, usingizi mbaya, wasiwasi na uchovu huongeza makali ya maumivu. Ndiyo maana nyonga ileile iliyokubeba vizuri Jumatatu inaweza kukuangusha Jumanne. Maumivu yakipanda, haimaanishi kila mara kwamba kiungo kimeharibika zaidi. Siku mbaya si hukumu, na wala si kosa lako.

Sasa nikuambie jambo linalowashinda hata majasiri: siku nzuri ina mtego wake. Maumivu yakipoa, tunataka kulipiza siku zote tulizolala. Tunadeki nyumba nzima, tunalima hadi jua kali, tunazunguka mjini kutwa. Kesho yake hatuinuki. Tunalala mpaka nafuu irudi, kisha tunarudia yaleyale. Kila mzunguko unatuacha dhaifu kuliko mwanzo. Uvunje mzunguko huo leo. Gawa kazi yako vipande, pumzika kabla maumivu hayajakulazimisha, na uache kazi ukiwa bado una nguvu kidogo. Mwenda pole hajikwai. Kujizuia siku unayojisikia vizuri kunahitaji ushujaa kuliko kukaza meno siku unayoumia.

Na siku mbaya je? Usisimame kabisa. Misuli ya makalio na mapaja ndiyo inayoisaidia nyonga kubeba uzito, na kulala kutwa kunaidhoofisha. Lala chali, kunja magoti, inua makalio taratibu, shusha. Shika meza imara, inua mguu kwa upande, urudishe. Kama siku nzuri unafanya mara 10, siku mbaya fanya mara 3. Kama kwa kawaida unatembea hadi barabarani, leo fika mlangoni urudi. Umepunguza, hujaacha. Mtaalamu wa fiziotherapia atakuonyesha mazoezi yanayoufaa mguu wako, na kama una bwawa au bahari tulivu karibu, maji yatakubebea sehemu ya uzito.

Kuna jambo jingine, nalo ni aibu. Wapo vijana wanaochechemea barabara nzima kwa sababu hawataki kuonekana na fimbo. Ndugu yangu, shika fimbo! Tena ishike kwa mkono wa upande wa pili, usio na nyonga inayouma, maana hapo ndipo inapoupunguzia mguu mzigo. Ukipanda ngazi, tanguliza mguu mzima. Ukishuka, tanguliza unaouma. Kama kuchuchumaa chooni kumekuwa adhabu, tafuta kiti cha choo kilichoinuka. Kama kusujudu kumekushinda, dini imekuruhusu kuswali ukiwa umekaa. Na kanisani hakuna atakayekudai upige magoti. Hakuna heshima inayopotea hapo. Fimbo inayokufikisha kwenye shughuli ya mwanao ina thamani kuliko fahari inayokubakiza nyumbani.

Hata mabingwa huteswa na nyonga. Mwezi Januari 2019, mcheza tenisi wa Uingereza Andy Murray alikaa mbele ya waandishi wa habari mjini Melbourne, akalia. Alikuwa bingwa wa Wimbledon mara 2. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amepasuliwa nyonga, lakini maumivu yakabaki. Alieleza kwamba hata kuvaa viatu na soksi kulikuwa kunamuumiza. Soksi zilezile zinazokusumbua wewe asubuhi! Mwishoni mwa mwezi huo alipasuliwa tena London, kichwa cha mfupa kikafunikwa kwa chuma, na Oktoba ya mwaka huohuo akatwaa ubingwa wa Antwerp, Ubelgiji. Si lazima safari yako ifanane na yake, na upasuaji si wa kila mtu. Lakini aliyatamka maumivu yake mbele ya dunia nzima, na ile siku ya machozi haikuwa siku yake ya mwisho uwanjani.

Nawe usinyamaze. Mweleze daktari maumivu yanaanzia wapi, yanashukia wapi, yanakuja saa ngapi na yanakuzuia kufanya nini. Yaandike kwenye daftari, kwa sababu siku ya kliniki ukiwa na nafuu ni rahisi kusahau. Usimeze vidonge vya maumivu miezi na miezi kwa kununua tu dukani. Diklofenaki na ndugu zake zinaweza kudhuru tumbo na figo. Na ukipata homa pamoja na maumivu makali, ukianguka ukashindwa kukanyaga, au mguu ukiingia ganzi ghafla, usingoje kesho, nenda hospitali. Nyonga ikifika pa kubadilishwa, ujue hilo si jambo geni: John Charnley alianza kuweka nyonga bandia za aina mpya katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, mwaka 1962, na leo upasuaji wa kubadilisha nyonga unafanyika hapa kwetu katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam.

Kwenu mnaoishi na mgonjwa wa nyonga: msimpime kwa jana yake. Muulizeni asubuhi, "Leo mguu unaruhusu nini?" kisha mpangeni naye. Akisema hawezi, mwaminini. Akisema anaweza, mwacheni afanye.

Na kwako wewe unayeumia: endelea kuahidi. Kubali mwaliko, na uwaambie mapema kwamba huenda ukachelewa au ukaondoka kabla ya wengine. Anza biashara ndogo unayoweza kuifanya ukiwa umekaa. Rudi kwaya, rudi kikoba, rudi barazani. Nyonga itakuwa na siku zake. Nawe uwe na zako. Amka, shika fimbo yako, fanya yale ambayo leo inaruhusu, na kesho uyafanye tena.