Usidhani Yuko Msafarani

Katika Luka 2:41-52, Yusufu na Mariamu walitoka Yerusalemu wakidhani Yesu yuko msafarani na jamaa. Walitembea siku nzima kabla ya kujua hayuko. Walimpata baada ya siku tatu, hekaluni.

Kule kudhani kumenigusa. Mpwa wangu anasoma Marekani. Mwezi wa Machi vyuo vingi vya huko hufunga wiki moja, na wanafunzi huenda kustarehe Mexico. Sisi tulidhani yuko hosteli. Picha ya WhatsApp ndiyo ilituambia yuko Cancún. Nikampigia kwa hasira. Akasema, "Mjomba, ningewaambia mngesema nimepotoka." Nilinyamaza. Angepatwa na jambo, tungemtafuta mji usio wake.

Kijana, kabla ya kuondoka tuma nyumbani jina la hoteli, nakala ya pasipoti na namba ya mwenzako wa safari. Hakikisha I-20 yako ina sahihi ya chuo, usije ukakwama kurudi. Kinywaji ulichoacha mezani, usikirudie. Ukiona bendera nyekundu ufuoni, usiingie majini. Usiku usirudi hotelini peke yako. Mexico, namba ya dharura ni 911.

Mzazi, Mariamu aliuliza, kisha akasikiliza jibu, hata ingawa hakulielewa. Na Yesu akarudi nao Nazareti. Wiki hii piga simu. Mwambie mtoto wako: hata ukikosea, nipigie mimi kwanza.

Mungu awalinde watoto wetu. Amina.